Wasifu wa Babu daktari: familia moja ya Temeke ilivyochagua la kusema na la kunyamazia

Kisa hiki kinahusu siku za msiba na wiki chache zilizofuata katika familia ya Kikristo iliyofiwa na babu yao, daktari mstaafu. Nimekiandika kwa ajili ya yeyote ambaye usiku mmoja atakabidhiwa kalamu na kuambiwa, "Andika historia ya marehemu, asubuhi inakwenda kuchapwa." Nilikuwa katibu wa kamati ya mazishi. Familia imeridhia kisimuliwe kwa sharti kwamba majina, usharika, mtaa, mkoa wa asili na hospitali alizofanyia kazi visitajwe. Mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili hata jirani asiweze kuunganisha.

Usuli

Marehemu nitamwita Babu, kama mtaa mzima ulivyomwita. Alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, na daktari wa kizazi ambacho nchi bado iliweza kuwataja madaktari wake mmoja mmoja. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Uhuru ulitukuta tuna madaktari 12. Aliyetaka kusomea udaktari miaka ile alielekea Makerere. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu. Babu alipitia hapo. Akaanza kazi hospitali ya misheni mikoani, kisha akaja Dar es Salaam katika hospitali za serikali, na huko hakutoka hadi kustaafu.

Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali binafsi za kibiashara; zikabaki za serikali, za mashirika ya dini na nyingine zisizotafuta faida. Mlango ulipofunguliwa tena mwaka 1991, wenzake wengi walifungua zahanati. Babu hakufungua, wala sijawahi kumsikia akiwasema vibaya waliofungua. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, akawa mtu wa kuonekana mara kwa mara kwenye dirisha la ustawi wa jamii, ameshika cheti cha mgonjwa asiye na kitu, akimwombea msamaha wa malipo. Wasifu wa kwanza haukuwa na neno hata moja kuhusu hayo.

Alipostaafu, kibaraza chake hakikukauka watu. Hakutibu pale, na alilisisitiza hilo: "Mimi hapa sina zahanati." Watu walimletea vyeti. Anavaa miwani, anasoma, anaeleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kilichoandikwa, dawa ipi inamezwa kabla ya kula na ipi baada, na kama kuna jambo halijakaa sawa anaandika swali kwenye kikaratasi ili mgonjwa akamuulize daktari wake. Wapo waliokuwa wakikunja vile vikaratasi na kuvihifadhi ndani ya kadi zao za kliniki.

Kuhusu imani yake, Jumapili hakukosa ibada ya asubuhi, na jioni nyumbani ilikuwa sala, upende usipende. Lakini kazini hakuwa mtu wa kuhubiria wagonjwa. Nesi mmoja mstaafu aliyefanya naye kazi miaka mingi alisema kwamba kabla ya kuingia thieta alikuwa akinawa mikono kwa muda mrefu kuliko wengine, kimya, na wote walijua kwamba pale hasemeshwi. Nyumbani alikuwa na kaunta buku ambazo hakuna aliyezigusa. Bibi peke yake ndiye aliyejua zina nini.

Yaliyotokea

Babu alifariki usiku, hospitalini, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alfajiri turubai lilikuwa limesimama. Kamati iliundwa chini ya mwembe, kaka mkubwa akapewa kazi ya wasifu, mjukuu mmoja wa chuo akapewa kazi ya kutafuta picha za kijitabu cha ibada. Suala la kumsafirisha nyumbani kwa asili lilizungumzwa kidogo tu, kwa sababu mwenyewe alishasema mbele ya ndugu zake kwamba atazikwa Dar es Salaam, Kinondoni. Laiti mengine yote angeyasema waziwazi hivyo.

Usiku huo kaka mkubwa aliketi na vyeti vya baba yake na kuandika kurasa nne. Shule ya msingi, shule ya kati, sekondari, chuo, kozi ya nje ya nchi, semina, vyeo, kamati alizokaa, tarehe kwa tarehe. Mwishoni: "Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu." Akatusomea asubuhi. Bibi alikuwa ameegemea ukuta kwenye mkeka na wanawake wenzake. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Baba, mbona mmemwandikia barua ya kuomba kazi?"

Wengine tulicheka. Binti mkubwa hakucheka. Alisema, "Kaka, watoto si wanne."

Ukweli ni kwamba katika nyumba ile walikua watoto watano. Wa tano ni kijana ambaye mama yake alifia wodini kwa Babu, baba hajulikani, na ndugu hawakutokea. Alichukuliwa bado anatambaa. Akasomeshwa, akabatizwa hapo hapo usharikani, na shuleni akaandikishwa kwa jina la ukoo. Lakini hakuasiliwa kisheria. Siku ile alikuwa nje anashusha viti kwenye gari, wala hakusikia mazungumzo, nashukuru.

Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, akapinga papo hapo. Hoja yake haikuwa chuki, alimpenda yule kijana. Alisema, "Hiki kijitabu kinachapwa, kinabaki. Kesho kitatolewa kwenye mirathi." Kikao kikagawanyika.

Wakati hilo halijaisha, likazuka la pili. Mjukuu aliyetafuta picha alifungua sanduku la bati na kukuta zile kaunta buku. Yalikuwa madaftari ya maombi. Kwa miaka mingi Babu alikuwa akiandika jina la mgonjwa, kitanda, ugonjwa, na mbele yake sentensi moja ya anachomwomba Mungu kwa ajili ya mtu huyo. Pengine amechora kistari na kuandika "amepona", pengine "amelala". Katikati ya kurasa kulikuwa na maelezo ya kazi ya miaka migumu ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, namna walivyochemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, klorokwini ilipoadimika waligawanaje kilichopo. Kijana akaguswa sana, na ni haki yake kuguswa. Akapiga picha kurasa kadhaa, akazirusha kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Tuziweke kwenye kijitabu, watu waone Babu alivyokuwa mtu wa maombi."

Kundi la familia la msiba si familia. Linakuwa na wakwe, majirani wa zamani, watu wa michango, na namba ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziingiza. Ukurasa mmoja ulikuwa na jina kamili la mama wa mtaa ule ule, aliyekwisha kufariki, na ugonjwa wake umeandikwa wazi. Watoto wake wanaishi mtaa wa pili. Picha ilifutwa baada ya muda mfupi, lakini ilikuwa imeshasambazwa.

La tatu lilikuwa dogo, au tulidhani dogo. Imamu wa msikiti wa jirani alituma ujumbe kwamba angependa kutoa salamu za majirani. Mzee mmoja wa kanisa hakukubali asimame ndani ya kanisa wakati wa ibada.

Maamuzi na sababu zake

Wasifu ulivunjwa na kuandikwa upya. Tuliamua elimu na vyeo vyote vikae aya mbili. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kawaida kabisa: jeneza liko mbele, jua la saa nane, na msafara bado haujatoka Temeke kwenda Kinondoni kwa foleni za mji huu. Wasifu wa kurasa nne hausikilizwi, watu wanahesabu dakika. Sababu ya pili ni kwamba vyeti vinaonyesha serikali ilimwamini kwa kazi gani, na waliokuja kumzika walimjua kwa mambo mengine. Kwa hiyo binti mkubwa alikwenda kwa watu watatu na swali moja: "Ulimwona akifanya nini kwa macho yako?" Aliwauliza Bibi, yule nesi mstaafu, na fundi cherehani wa kibanda cha jirani, Mwislamu, ambaye kila jioni alikuwa akisalimiana na Babu. Tulikataa sentensi za aina ya "alikuwa mcha Mungu, mpole na mwenye upendo kwa wote". Si kwamba ni uongo. Zinasomwa kwa kila marehemu, hata yule ambaye waliohudhuria wanajua vingine.

Bibi aliomba kitu kimoja tu kwenye jalada. Vijitabu vingi vya mazishi hubeba 2 Timotheo 4:7, "Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda." Yeye alitaka maneno ya Wakolosai 4:14, "Luka, yule tabibu mpendwa." Mchungaji alipoambiwa, akabadilisha na somo la mahubiri.

Kuhusu watoto, usharika wetu una mwanasheria, tukamwita. Alieleza kwamba wasifu hauundi mrithi wala haumfuti. Mtoto wa kulea anakuwa mtoto kisheria kwa kuasiliwa, na hilo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 linapita Mahakama Kuu. Bila hivyo, njia ni wosia, au warithi kukubaliana. Kinachopelekwa kwenye mirathi ni muhtasari wa kikao cha ukoo na orodha ya warithi, na huko baba mdogo angekuwa na nafasi yake ya kusema. Baba mdogo akakubali. Palikuwa na pendekezo la kuandika "watoto wanne wa kuzaa na mmoja wa kulea". Binti mkubwa alilikataa: kijana asisimamishwe peke yake mbele ya kanisa zima siku ya kumzika baba yake. Ikaandikwa "watoto watano".

Madaftari yalikuwa mazito zaidi. Mjukuu alikuwa na hoja, wala si ya kupuuzwa: hakuna ushahidi wa imani ya Babu ulio bora kuliko ule. Rafiki wa Babu, daktari mstaafu pia, ndiye aliyetufafanulia. Tamko la Geneva, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kililipitisha mwaka 1948 na kulirekebisha baadaye zaidi ya mara moja, linamtaka daktari atunze siri za mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufariki. Hapa mambo yamegeuka: aliyefariki ni daktari, na siri zimeangukia mikononi mwa watu wasiokula kiapo. Hata sheria za nchi haziko kimya, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mzee yule aliongeza kwa sauti ya chini: "Aliandika kwa Mungu, hakutuandikia sisi." Uamuzi ukawa kwamba hakuna ukurasa unaochapwa, sanduku linafungwa, ufunguo unakaa kwa Bibi, na suala linajadiliwa baada ya ibada ya shukrani ya arobaini.

Kwa imamu tulitafuta njia ya katikati. Salamu za majirani na serikali ya mtaa zilihamishiwa nyumbani, chini ya turubai, kabla ya mwili kuondoka kwenda kanisani. Mzee wa kanisa aliridhika, na imamu aliposikia alisema ni afadhali, maana waumini wake wengi wangebaki nje ya kanisa hata hivyo.

Matokeo

Wasifu mpya ulisomwa na binti mkubwa na haukumchosha mtu. Palipotajwa dirisha la ustawi wa jamii, kundi la akina mama nyuma lilianza kuitikia kwa sauti, "Kweli, kweli." Kijana wa tano alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Sikumuuliza alijisikiaje kusikia hesabu ya watano, na sidhani ni kazi ya katibu kuuliza.

Lakini kilichozungumzwa zaidi baada ya mazishi hakikuwamo kwenye kijitabu. Imamu aliposimama nyumbani alieleza kwamba kila Ramadhani wagonjwa wa mtaa walikuwa wakikwama na "moja mara tatu". Babu aliwapangia upya: dawa ya kutwa mara mbili, moja wakati wa futari na moja wakati wa daku; ya mara tatu, aliandika kikaratasi kumwomba daktari wao aangalie kama kuna ya kubadilisha. Na aliyeona hawezi kufunga bila kujidhuru, hakumwamrisha afungue. Alimwambia, "Ya dawa nimemaliza, nenda kamuulize imamu wako." Akifika msikitini anakuta imamu anamwambia kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula. "Tulifanya kazi pamoja miaka yote hiyo," imamu alisema, "na hatukuwahi kukaa kikao." Yule mzee wa kanisa aliyekuwa amepinga ndiye aliyemletea kiti.

Wenzake wa kazini walipewa dakika tano kanisani wakatumia zaidi ya ishirini, wakirudia vyeo vyote tulivyokuwa tumevipunguza. Tukafika Kinondoni tumechelewa, tukazika harakaharaka.

Ukurasa uliosambaa ulileta madhara yaliyotegemewa. Binti mkubwa, mzee wa kanisa na mjumbe wa shina walikwenda kwa watoto wa yule mama kuomba radhi kabla ya mazishi. Walipokelewa vizuri, wakapewa maji. Mtoto mmoja wa kiume hakuja kuzika, na alikuwa mtu wa kibaraza cha Babu tangu utotoni.

Baada ya arobaini, sanduku lilifunguliwa mbele ya Bibi, watoto wote watano na yule daktari mstaafu. Yeye peke yake ndiye aliyesoma. Kurasa zenye majina ya wagonjwa alizitenga, zikachomwa siku hiyo hiyo uani. Za maelezo ya kazi na maombi yasiyo na jina la mtu zilibaki, na mjukuu aliyepiga picha ndiye aliyekabidhiwa azitunze. Wapo waliosema huko ni kumzawadia mkosaji. Mimi nadhani walimpa kazi mtu pekee aliyeonyesha kwamba anazithamini.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni swali la "ulimwona akifanya nini". Linafunga mlango wa sifa za jumla na linaleta vitendo, na vitendo havihitaji kupambwa. Lina faida nyingine ambayo hatukuitarajia: linaonyesha nani ana haki ya kusema nini. Mwanamke aliyesimama kwenye ibada ya shukrani na kueleza kwa hiari yake jinsi Babu alivyomuuguza alikuwa anatoa lililo lake. Kama familia ingesoma habari hiyo hiyo kutoka kwenye kaunta buku, ingekuwa inatoa lisilo lake, hata kama kila neno lingekuwa sawa na la yule mama. Familia ya daktari inarithi jina lake, nyumba yake na deni lake. Wagonjwa wake haiwarithi.

Hapa naona mtego maalumu kwa familia za waumini. Tumezoea ushuhuda, kanisani tunahimizana kusema Mungu alivyotenda, na daftari la maombi linaonekana kama ushuhuda uliokamilika, limebaki kusomwa tu. Kwa daktari, daftari hilo hilo ni kumbukumbu ya wodi. Babu aliunganisha vitu viwili ambavyo kwake vilikuwa kitu kimoja, na hakuacha neno la vifanywe nini akiondoka. Kama kuna daktari anasoma hapa mwenye daftari la aina hiyo, aandike herufi za mwanzo za majina, au amwambie mtu mmoja mahali lilipo na la kufanya nalo.

Kosa la picha halikuwa la mjukuu peke yake. Kamati ilimtuma kijana kwenye sanduku la daktari bila kumwambia lolote, usiku ambao kila mtu amechoka. Mtu mmoja mzima wa familia angetoa picha, akafunga sanduku, kazi ikaisha. Pia tulichelewa kutenganisha kundi la ndugu na kundi la michango. Lilitenganishwa baada ya madhara.

Uamuzi wa kuhamisha salamu za majirani ulisifiwa sana, nami nauona ni mzuri nusu. Uliepusha mgogoro na ulimpa imamu hadhira kubwa. Lakini ulimaanisha kwamba simulizi bora kuliko zote haikuandikwa popote. Hakuna aliyeirekodi, kijitabu kilikuwa kimeshachapwa, na wajukuu walio nje ya nchi, waliofuatilia ibada ya kanisani kwa simu, hawakuisikia. Baadaye mmoja wao alimpigia imamu mwenyewe na kumwomba amsimulie upya.

Kuhusu wenzake wa kazini, dakika tano zisizo na mtu wa kuzisimamia si dakika tano. Mwenyekiti wa kamati alimwonea aibu daktari bingwa mwenye mvi.

Suala la "watoto watano" ndilo ambalo watu huniuliza zaidi. Kanisani lilikuwa sahihi. Lakini baba mdogo alikuwa na haki ya kuhofu, kwa sababu shauri la mirathi lilipofunguliwa mtu kweli alikuja na kijitabu mkononi, na hakuwa yule kijana. Alikuwa shangazi aliyetaka kijana apewe fungu. Warithi wanne walikubaliana kwa maandishi kumpa chumba cha uani na sehemu ya fedha za mafao, na kila mmoja alisaini mbele ya wakili. Babu, aliyewaandikia watu wa mtaa mzima vikaratasi vya maswali ya kwenda kuuliza, hakuandika wosia.